Daktari wa Majaribio

Wiki iliyopita mliniacha getini kwa Mzee Mushumbusi, Muleba, ndoo ya maji ya moto mkononi, nikimkodolea macho kijana aliyesimama nje na mabuti mapya kwapani. Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza kijana yule ni nani. Msomaji mmoja wa Buhembe ameapa kuwa ni mchumba wangu wa zamani. Ingekuwa mchumba ningefurahi.

Kwa mliochelewa: mimi ni Kokuberwa, daktari wa mifugo. Nilimaliza chuo Morogoro, nikarudi kwenye kibanja cha baba yangu Kamachumu, nikaomba kazi kila mahali penye ng'ombe, nikaambiwa nirudi nikiwa na uzoefu. Ndipo rafiki yangu Nuriat wa Bakoba, tuliyesoma naye darasa moja, akanipigia simu. Kuna shamba la maziwa Muleba, akasema, mzee mmoja aliyestaafu Dar anatafuta daktari.

Nikaenda. Mzee Mushumbusi hakuniuliza cheti. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilipomtajia aliruka kitini, akanikumbatia, akasema huo ndio ukoo wake, kwa hiyo mimi ni mwanawe wa kumzaa. Akaleta akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, tukatafuna. Kazi ni yako, akasema, tufanye majaribio kidogo tu.

Jina la ukoo wetu sitaliandika gazetini. Wenyewe hawajakosa kitu.

Majaribio yakaanza kabla ya Kwaresima, Pasaka ikapita, nikawa bado najaribiwa. Nikatibu ndigana ya kupe, nikatibu viwele vilivyovimba, nikapandisha ng'ombe kwa mrija, nikalala zizini. Mkataba sina. Mshahara sina. Nilikuwa na baba wa ukoo.

Sasa sikilizeni ninyi mnaovaa majoho mwaka huu, maana haya nayaandika kwa hasira na sitaki yapotee. Siku ile Nuriat aliponipa habari za kazi alinipa na mawaidha. "Koku, usianze bila karatasi. Uliza nani atakuwa juu yako wa kukufundisha. Uliza zamu ya usiku inashikwa na nani. Na ukisahau yote, hili usisahau: uliza kabla yako alikuwa nani, na kwa nini ameondoka."

Sikuuliza hata moja. Utamuulizaje baba yako maswali ya namna hiyo, kahawa yake bado iko mdomoni?

Nilipomlalamikia baba yangu mzazi, Mzee Rugemalira, ndiyo kwanza akanikemea. "Koku, mtu anasainishana karatasi na baba yake?" Walikuwa wameshaongea kwa simu, yeye na Mushumbusi, wameshaitana ndugu. Baba akasimama kanisani akatangaza kuwa binti yake amepata kazi, tena kwa mtu wa damu. Jumapili ingefanyika misa ya shukrani, na baada ya misa watu wangekuja kula nyumbani. Mgeni rasmi: Mzee Mushumbusi.

Siku ninayowasimulia ilikuwa Ijumaa. Yaani nilibakiwa na Jumamosi tu, nisipopata kazi ya kweli baba yangu angesimama mbele ya parokia nzima kushukuru kwa kitu ambacho hakipo.

Na pale getini amesimama Wilbert Mutembei.

"Koku!" akasema Wilbert, meno yote nje. Tulikaa naye benchi moja chuoni mwaka mzima, tukipasua kuku. "Na wewe umekuja kwenye usaili?"

"Usaili gani?"

"Wa daktari wa shamba. Nimeambiwa nije na mabuti yangu, usaili ni wa vitendo."

"Nafasi hiyo ni yangu, Wilbert."

Akanitazama. Akaitazama ndoo. Akaitazama ovaroli yangu yenye kinyesi cha tangu alfajiri.

"Una mkataba?"

Nikaihamishia ndoo mkono wa pili. Kicheko kikamkauka usoni.

"Nani kakwambia habari za hapa?" nikamuuliza.

"Nuriat."

"Nuriat ndiye aliyeniambia mimi!"

"Labda alidhani umekataa," akasema Wilbert, mtu wa kumtetea kila mtu tangu namjua. "Mimi nilikuja juzi kumsalimu mzee, sikukuona, huenda ulikuwa umetoka. Mtu mwema sana yule. Tena kwa bahati, ni wa ukoo wetu."

Ndoo ikawa nzito ghafla.

"Ukoo wenu upi?"

Akautaja. Haukuwa wa kwetu. Haufanani na wa kwetu hata kwa mbali.

"Kwa mama yake labda," nikasema.

"Kwa baba. Amenikumbatia, waitu! Kasema mimi ni mwanawe."

"Mimi pia kaniambia kwa baba."

Tukatazamana. Mnajua ninyi wasomaji wa huku kwamba kila ukoo una mwiko wake, muziro, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Kwetu ni yule samaki kamongo. Baba yangu akiona kamongo sokoni anavuka barabara. Na mimi kwa macho yangu nilimwona Mzee Mushumbusi akimla kamongo, wiki ile ile ya kwanza, ananyonya mfupa hadi unalia. Nikajiambia wazee wa siku hizi wana friji, miiko wanaitoa wapi.

"Kwenu mwiko wenu ni nini?" nikamuuliza Wilbert.

"Utumbo."

"Na juzi ulimkuta anakula nini?"

Wilbert akafikiri, kisha akakaa chini juu ya mabuti yake. "Supu ya utumbo," akasema polepole. "Nikadhani daktari wake kamwandikia."

Hao ndio madaktari wawili wa taifa hili. Tunajua kusoma kinyesi kwenye darubini, sahani ya mtu imetushinda.

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nilikuwa nimeshageuka kwenda nyumba kubwa, ndoo na yote, nimwagie nani sijui, Vestina alipopiga kelele kutoka zizini. Vestina ndiye anayekamua asubuhi na kupika mchana pale shambani. "Dokta! Mtamba analala! Bojo, anakufa huyu!"

Maji ya moto yalikuwa yake. Mtamba yule alianza uchungu alfajiri, uzao wa kwanza, na ndama hakuwa amekaa sawa. Hasira zangu zikasubiri. Ng'ombe hajamdanganya mtu.

Tukakimbilia zizini mimi na Wilbert, nikajipaka sabuni hadi begani, nikaingiza mkono. Kichwa kipo, ulimi umevimba. Mguu mmoja umetangulia, wa pili umekunjwa nyuma chini ya kifua. Nikamgusa ulimi, akanyonya kidogo. Alikuwa hai.

"Yuko hai," nikamwambia Wilbert. "Mguu wa kushoto umerudi nyuma."

Ndipo nikasikia sauti mlangoni. "Mnaona? Ninao wawili sasa. Young veterinarians, wa digrii!" Mzee Mushumbusi alikuwa ameinua simu anatupiga video, anawaonyesha sijui akina nani huko kwa wateja wake wa mitamba. Kofia ya pama, shati limepigwa pasi. Nshomile wa kitabuni, msomi wa kujionyesha.

Akashusha simu. "Wanangu, nimewaona mmekutana. Vizuri. Sikutaka ugomvi, sasa ng'ombe mwenyewe ataamua. Atakayemtoa ndama hai, kazi ni yake leo hii, na karatasi nasaini leo."

Nataka niseme ukweli hapa. Mnadhani nilimtukana? Sikumtukana. Nilimsogeza Wilbert kwa kiwiko. Akilini nilimwona baba yangu na suti yake ya harusi, nikaona zile karatasi, na nikamtaka ndama yule awe wangu peke yangu. Wilbert alipoleta kamba nilimpokonya.

Nikausukuma mdomo wa ndama urudi ndani, nikatafuta goti. Nikalipata. Nikatafuta kwato niifunike kwa kiganja isimchane mama yake. Sikuifikia. Mtamba akasukuma, mkono wangu ukabanwa kwenye mfupa hadi nikaona nyota. Nikajaribu tena. Vidole vikafa ganzi.

"Koku, toka," Wilbert akasema. "Mkono wangu ni mrefu."

"Ni wangu!"

"Koku. Ulimi unakuwa wa bluu."

Nikatoka. Wilbert akaingia, akafumba macho kama anavyofanya siku zote, akaikuta kwato. Akaivuta mbele. Mimi nikafunga kamba, yeye akashika kichwa, tukavuta kila mtamba aliposukuma, tukapumzika kila alipopumzika, hadi ndama akaporomoka juu ya mapaja yetu wote wawili kama mkungu wa ndizi. Jike. Hapumui. Nikamsugua kwa majani makavu, Wilbert akamtekenya pua kwa unyasi. Akapiga chafya.

Vestina akapiga vigelegele. Nami nikamtazama Wilbert, nikaona aibu mpaka kwenye masikio.

"Nani kamtoa?" akauliza Mzee Mushumbusi.

"Wote wawili," Wilbert akajibu kabla sijapumua.

Mzee akacheka kwa raha. "Basi mmefaulu wote, na kazi ni moja. Tutaendelea na majaribio. Nendeni mkanawe, chakula kiko tayari."

Sikwenda kunawa. Nilimfuata mezani vile vile, damu hadi begani, Wilbert nyuma yangu. Mbele ya mzee kulikuwa na matoke, na pembeni ya matoke kulikuwa na kamongo wa mchuzi, vipande vinene. Akajipakulia.

"Mzee," nikasema, "una koo ngapi?"

Akameza kwanza. Mtu mwingine angeshtuka. "Kaa, mwanangu."

"Sikai. Mimi umeniambia ni wa ukoo wangu. Wilbert umemwambia ni wa ukoo wake. Mtu anazaliwa na baba mmoja."

"Ukoo ni adabu tu, Koku," akasema, kwa upole ule ule wa siku ya kwanza. "Nikikuita mfanyakazi, utaangalia saa. Nikikuita mwanangu, utalala zizini. Wewe mwenyewe umelala zizini, au nasema uongo?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee dakika ile. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Nililala zizini.

Ndipo lile swali likanitoka, lile nililopaswa kuliuliza kabla sijatafuna punje ya kwanza.

"Kabla yangu alikuwa nani?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani Nuriat hakukwambia?"

"Alinipa habari za nafasi."

"Alikuwa hapa, waitu! Alikaa humu mvua zote za vuli. Binti hodari, ila machozi yako karibu."

"Nuriat ni Mswahili wa Bakoba," Wilbert akasema. "Hana ukoo wa Kihaya. Yeye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia bibi yake ndiye aliyemlea mama yangu." Akachambua mwiba, akauweka kando ya sahani. "Akalia. Akaniita mjomba."

Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nuriat! Niliyelala kwao, niliyekula futari kwao, ambaye mama yake alinipa kanga siku ya mahafali!

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambiaje?" Mzee akanawa vidole kwenye bakuli. "Alitaka kuondoka. Nikamwuliza, utakwenda wapi? Kila utakapoomba kazi wataniuliza mimi, mwajiri wako wa kwanza. Naweza kusema huyu ni dhahabu. Naweza kusema huyu aliniulia ng'ombe. Nikamwambia, niletee mwenzako, nami nitakuwa mdhamini wako wa kweli. Akakuleta wewe. Nikaona mmoja hatoshi, akamleta na huyu."

Wilbert alikuwa anayatazama mabuti yake mapya. Bado yalikuwa na karatasi ya dukani ndani.

Sasa nikaelewa. Yale mawaidha ya Nuriat. Ukisahau yote, hili usisahau. Alishindwa kutamka jina lake mwenyewe, akanipa swali ambalo jibu lake ni yeye, akatumaini nitakuwa na akili ya kuliuliza. Nilitaka kumshika koo. Nilitaka pia kumshika nilie naye. Lakini tusidanganyane, ninyi mnaosoma: aliniuza. Mtu anayekuuza huku akikuonya amekuuza tu.

"Sasa tuongee kama wakubwa," Mzee Mushumbusi akasema. "Jumapili nitakuja Kamachumu. Nitakaa kiti cha mbele. Nitasimama mbele ya paroko na baba yako, niseme binti huyu ni nguzo ya shamba langu. Baada ya hapo ukitaka kuondoka, ondoka, mwajiri yeyote akipiga simu nitakusifu. Wewe nipe jina moja tu. Darasa lenu lina watu wengi."

"Jina la nini?"

"La mwenzako asiye na kazi."

Ubaya ni kwamba jina nilikuwa nalo. Asubuhi ile ile, kwenye kundi la simu la darasa letu, Siti alikuwa ameandika: "Jamani, mwenye kusikia nafasi yoyote, hata ya kuchanja kuku, anikumbuke." Sikutaka kuliona jina lake likipita kichwani. Likapita. Likapita mara ya pili, na safari hii likakaa.

Wilbert akaniona. "Koku," akasema kwa sauti ndogo. "Usifanye."

Simu yangu ikaita mfukoni mwa ovaroli. Nikaitoa kwa vidole vyenye damu, nikasoma jina la baba. Tata.

"Pokea," Mzee Mushumbusi akasema, amenyoosha mkono. "Au nipe nimsalimie ndugu yangu."

Nikapokea, nikaweka sauti ya nje, nikailaza simu mezani kando ya sahani yake.

"Koku!" Sauti ya baba ilijaa chumba kizima. Nyuma yake nilisikia watu wanacheka, wanasogeza viti. "Koku, mwana wange, mbuzi nimeshamfunga. Rubisi ya ndizi imeiva. Katekista ametuazima viti vya parokia. Niambie, ndugu yangu anakuja kweli? Watu wananiuliza, nawaambia mtoto wa damu hatupwi!"

Mzee Mushumbusi akatabasamu, akainama juu ya simu. Nikamzuia kwa kiganja.

"Tata, yupo hapa, anakusikia."

"Kasinge, ndugu yangu! Kasinge sana!"

"Tata, subiri." Nikaisogeza simu mbali na mkono wa mzee. "Kabla hujamkaribisha nyumbani kwako, muulize mchana huu anakula nini."

Kicheko cha huko Kamachumu kikapungua. Baba si mtu wa haraka. Nilijua ninachomfanyia. Viti vimeshaazimwa, mbuzi ameshafungwa, na mimi bintiye namvua nguo mbele ya wageni, na baada ya hapo hakuna mdhamini, hakuna kazi, hakuna wa kusema neno jema juu yangu mkoa mzima. Lakini afadhali avuliwe nyumbani kwake Ijumaa kuliko kanisani Jumapili.

"Ndugu yangu," baba akasema, polepole, kwa heshima yote. "Unisamehe, waitu. Binti anasema nikuulize. Mezani kwako kuna nini?"

Mzee Mushumbusi akaitazama simu. Akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mwanangu wala Koku machoni mwake. Akajifuta mdomo kwa leso. Akakohoa. Nikajua anatafuta kuku, anatafuta maharage, anatafuta chochote, na nikajua atakipata, maana huyo ndiye yeye.

"Rugemalira, kaka yangu," akaanza, "hapa kwangu..."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Vestina akaingia na sufuria inayotoa moshi, upawa mkononi.

"Mzee," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "nikuongeze kamongo?"

Upawa ukabaki hewani, mchuzi ukadondoka juu ya kitambaa cheupe cha meza.

Simu haikukatika. Huko Kamachumu nilisikia mtu mmoja akiuliza, "Amesema nini?" na mwingine akimnyamazisha. Kisha nikamsikia baba yangu akiwaambia watu wake: "Mfungueni mbuzi. Viti virudisheni parokia."